Habari Zimfikie Dafrosa

Kwa miaka kumi na tisa Dafrosa Limbu alisoma matangazo ya vifo katika redio moja ya pale Tabora mjini. Saa saba mchana watu wa Ng'ambo na Cheyo, na wengine mbali hadi Nzega na Tura, walinyamazishana ili wamsikilize. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuandikiwa na mtu. Hakusoma msiba mpaka ampigie simu aliyeuleta na kumuuliza, "Wa karibu wote wameshaambiwa?" Kama kulikuwa na mtoto wa marehemu ambaye bado hajui, tangazo lilisubiri. Mara moja lilisubiri siku nzima kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuwa kwenye mashamba ya tumbaku, hapatikani.

"Mtu hapewi msiba wa mzazi wake na redio," alikuwa akisema.

Mwaka jana meneja wake, Raymundi, alimwomba ajifungie studio siku kumi na moja asome majina ya watu, majina ya vijiji, na sentensi nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Alimweleza kwamba kompyuta itajifunza sauti yake, ili siku akiumwa kazi isilale. Dafrosa akasaini karatasi. Mwaka huu, mwezi wa tatu, Raymundi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Dada Dafrosa, matangazo ya biashara yote yamehamia kwenye simu za watu. Tunapunguza wafanyakazi. Nimekupigania, nimeshindwa."

"Na vifo atasoma nani?"

Raymundi aliangalia meza. "Utaendelea kusoma wewe."

Ikawa hivyo. Watu walituma ujumbe kwa namba ileile ya redio, mashine ikaupanga maneno, na saa saba sauti ya Dafrosa ikausoma. Yeye mwenyewe alikuwa nyumbani Cheyo, akikaanga maandazi ya kuuza.

Hakumwambia mtu wa kwao. Mama yake, Koleta, mjane aliyeishi Lusu kule Nzega, alifungua redio kila mchana kwa ajili ya sauti ya bintiye tu, na majirani walijua kwamba saa hiyo hasemeshwi.

"Leo nimekusikia," alimwambia siku moja kwenye simu. "Lakini siku hizi unasoma huvuti pumzi. Unaumwa?"

"Mafua tu, mama."

"Kunywa maji ya moto, mwanangu. Na upumzike."

Kila Jumapili akitoka kanisani Dafrosa alijiambia kwamba wiki hii atasema. Wiki ikapita, na nyingine.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba alikwenda kusaga mahindi. Mashine ilikuwa inanguruma mpaka ukuta unatetemeka, na simu yake ilikuwa chini ya kikapu. Ghafla umeme ukakatika. Ukimya ukaingia chumbani, ikabaki redio ndogo ya betri ya Omari, msagaji, iliyoning'inia kwenye msumari.

Dafrosa aliisikia sauti yake. Kawaida ilipoanza aliondoka mahali hapo, ila debe lake lilikuwa bado kwenye foleni, akabaki.

"Ndugu Leodgar Limbu wa Lusu, Nzega, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Koleta Sayi, kilichotokea leo asubuhi nyumbani kwake. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana. Habari zimfikie Modest Sayi wa Tura, na zimfikie Dafrosa Limbu wa Cheyo, Tabora mjini."

Kisha ikasoma msiba wa mtu mwingine.

"Dada, si ndiye wewe huyo anayesoma?" Omari alisema akicheka. Alipomwona usoni akaacha kucheka, akamvutia gunia akae.

Kwenye simu kulikuwa na miito minne ya kaka yake, Leodgar. Hakuna iliyosikika.

Alifika Lusu jioni. Wanawake walikuwa wamekaa chini, na alipoingia kilio kilipanda, kisha kikashuka haraka kuliko desturi. Mama mdogo Minza, mdogo wa marehemu, alimtazama.

"Tulikusikia," alisema. "Sote hapa tulikusikia. Umemtangaza dada yangu kama mtu anayetangaza ng'ombe aliyepotea."

"Mama mdogo, si mimi. Ni mashine. Walichukua sauti yangu."

"Sauti yako naijua tangu unanyonya, Dafrosa. Leo unaniambia ni ya mashine?"

Hakuna aliyemtetea. Baadaye Leodgar alimfuata nyuma ya jiko.

"Nilipiga, hukupokea," alisema. "Nikatuma ujumbe redioni. Nilijua utaupata wewe kwanza, utakaa chini, utalia, halafu utampa mwenzako asome."

"Niliachishwa tangu mwezi wa tatu, kaka."

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Juzi tu alikuwa anamsimulia katekista habari zako." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningejua, ningepiga mpaka asubuhi nyingine."

Baada ya mazishi Dafrosa alikwenda redioni. Raymundi alisimama kumpokea, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Hakujitetea. Alisema hakuna mtu anayeyapitia matangazo kabla hayajasomwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyebaki wa kuyapitia.

"Nataka sauti yangu itoke," Dafrosa alisema.

Ilitolewa wiki ileile. Ikawekwa sauti ya mwanamume, laini, isiyo ya huku, ambayo jina la Kisukuma kama Ng'wana lilikuwa likiishinda kila siku. Kule Lusu watu walisema Dafrosa ameacha kazi kwa aibu.

Kwenye arobaini Leodgar alimpa karatasi yenye majina ya waliosaidia msiba, asome shukrani kwa niaba ya familia. Dafrosa alisimama mbele ya watu. Alisoma jina la paroko, la mwenyekiti wa kijiji, na la mama aliyetoa kuni. Alipofika kwenye maneno "mama yetu Koleta" sauti ilikwama. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tu, kisha kilio ambacho hakuweza kukizuia, akainama palepale na karatasi mkononi. Leodgar aliichukua, akamalizia kusoma akiruka majina.

Wanawake walimkalisha mkekani. Mama mdogo Minza, aliyekuwa karibu, alimfunika mabega kwa khanga yake.

"Ungelia hivi siku ile, mwanangu," alimwambia polepole.

Dafrosa hakubishana naye tena.