Vijana wa Marlys

Mke wangu Marlys alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu alipoingia ofisini kwa mkuu wa chuo bila miadi, akatoka na timu ya tenisi ya wanaume. Nasema timu, lakini alikuwa mchezaji mmoja tu, Tate Brungardt, na nyavu tatu zilizotoboka.

Sisi ni watu wa Fairholt, Nebraska. Mimi nalima mahindi na kufuga nguruwe. Marlys alifundisha mazoezi ya viungo pale chuoni miaka thelathini na mmoja. Timu ya wanaume ilikuwa haijashinda hata mechi moja kwa misimu mitatu, na kocha wake alikuwa amepata kazi kwingine, akaondoka bila hata kurudisha funguo. Mkuu wa chuo akaamua viwanja visawazishwe, wanafunzi wapate pa kuegesha magari.

"Nimemwomba anipe miaka miwili," Marlys aliniambia jioni ile, akimenya viazi kana kwamba ndivyo vilivyomkosea.

"Na wachezaji utawatoa wapi?"

"Popote walipo."

"Mama, wewe hujavuka mpaka wowote isipokuwa wa Kanada."

"Basi watavuka wao."

Baridi yote ya mwaka ule meza yetu ya kulia ikawa ofisi. Vijana wa kwetu waliocheza vizuri walikwisha kuchukuliwa na vyuo vikubwa vyenye kumbi za joto. Kwa hiyo Marlys akaziandikia shule za tenisi za nchi ambazo mimi nilizijua kwenye ramani tu. Alitazama video za vijana mpaka macho yakamwiva, kisha akaongea na wazazi wao kwa kompyuta. Hakumdanganya mtu. "Hapa kuna upepo," aliwaambia wote. "Bahari hakuna, mlima hakuna, na duka linafungwa saa kumi na mbili. Lakini mwanao atasoma, atacheza, na mimi nitajua kila siku amekula nini."

Wengi walishukuru, wakapotea moja kwa moja. Mama mmoja wa Uruguay hakupotea. Alitaka kuona friji. Marlys akaibeba kompyuta mpaka jikoni, akafungua mlango wa friji, na yule mama akakagua rafu moja baada ya nyingine kama mtu wa forodha. Aliporidhika na mayai na maziwa, akasema, "Haya, mchukue." Hivyo ndivyo tulivyompata Facundo Etchegoyen.

Skander Mzoughi, wa Sfax kule Tunisia, alikuwa na swali moja tu.

"Kocha, mimi naswali. Kuna mtu atakayenisema?"

Marlys alifikiri kidogo. Ningekuwa mimi ningejibu haraka nikaharibu. "Watu wa hapa wana midomo," alisema. "Mara ya kwanza watakusema wewe. Mara ya pili watakuwa wanasema na mimi."

Kijana akacheka. "Basi nakuja."

Mwezi wa nane walifika: Facundo, Skander, ndugu wawili wa Slovakia waliokula kama watu waliotoka kuvuna, na Mjapani mmoja mpole aliyeinamisha kichwa hata kwa mbwa wetu. Ukimhesabu Tate, wakawa sita, idadi kamili ya timu.

Mji mzima ulikuwa na la kusema, na aliyesema kwa niaba ya wote alikuwa jirani yetu Gus Penner. Alitukuta kwenye ghala la ushirika, kikombe cha kahawa mkononi.

"Marlys, umeenda kuleta watu kutoka mwisho wa dunia wachukue nafasi za watoto wetu?"

"Gus, mwanao alishika raketi lini mara ya mwisho?"

"Juzi tu."

"Alikuwa anacheza na nani?"

Gus akakohoa. "Kulikuwa na popo ndani ya nyumba."

Watu walicheka mpaka mwenye mizani akasahau kusoma uzito wa lori lililokuwa juu yake. Lakini Gus hakuwa amemaliza, na siku ile aliondoka amenuna.

Aliyeumia kweli hakuwa Gus, alikuwa Tate. Kijana yule alikuwa amevumilia vipigo vya misimu miwili, lakini angalau alikuwa mchezaji namba moja. Siku ya kwanza ya mazoezi Marlys akampanga na Skander, na Skander akamfunga sita bila, sita bila, kwa dakika arobaini. Siku ya pili Tate hakutokea, wala ya tatu.

Siku ya nne nilikuwa narekebisha uzio wa viwanja nilipomwona amesimama nje na funguo za gari mkononi. Ndani, Skander alikuwa anapambana na upepo. Ulikuwa ule upepo wetu wa kusini, unaoinamisha mahindi mpaka yanagusana vichwa, na kila mpira aliourusha juu ili auanzishe ulimkimbia. Alikuwa anautukana kwa Kiarabu, kwa Kifaransa, na kwa lugha nyingine ambayo nadhani aliitunga palepale.

Tate akatazama kwa muda. Mwishowe akashindwa kunyamaza.

"We bwana! Usiurushe juu hivyo, unautuma Kanada!"

Skander akageuka. "Sasa niurushe vipi?"

"Chini. Hapa, kwenye paji la uso. Halafu ulenge katikati ya uwanja, upepo wenyewe utaupeleka pembeni."

Skander akajaribu. Mpira ukaanguka ndani kabisa, ukapinda kama ndama anayekataa kamba. Akautazama, akamtazama Tate.

"Ulijua hili siku ile tunacheza?"

"Nilijua."

"Mbona hukulitumia?"

"Siku ile hapakuwa na upepo, bwana! Ndiyo bahati yangu hiyo!"

Wote wawili wakaanza kucheka, na Tate akaingia ndani. Tangu siku ile alikuwa mchezaji namba nne na mwalimu wa upepo, na cheo hicho cha pili hakuna aliyethubutu kukigusa.

Theluji ilipofunga viwanja, Marlys aliomba jengo la maonyesho ya ng'ombe. Tulisugua sakafu ya saruji siku mbili, tukabandika mistari kwa utepe wa gundi. Mpira ulikimbia pale kama umechomwa moto, na harufu ya ng'ombe haikutoka ng'o. Facundo alisema anajisikia yuko kwa mjomba wake.

Chuo kilipofunga kwa Krismasi, Skander hakuwa na pa kwenda, akaja kwetu. Nilikuwa na wasiwasi na nguruwe wangu mia nne. Asubuhi moja mabomba yaliganda na mgongo wangu ukakataa kuinama. Nikageuka, nikamwona kijana amesimama mlangoni mwa banda, amevaa makoti mawili, shoka mkononi.

"Mwanangu, si lazima," nilimwambia.

"Mzee Lowell, mimi nimekatazwa kuwala. Kuwapa maji hakuna aliyenikataza."

Akavunja barafu ya mabirika yote ishirini na mawili ya kunyweshea, huku akiwakemea nguruwe waliomsogelea mno: "Rudi nyuma, sheikh, tusivunjiane heshima!" Hadi leo namwita mmoja wao Sheikh. Skander anasema hiyo ni dhambi yangu, si yake.

Msimu wa kwanza tulishinda mechi sita kati ya kumi na nne. Pengine hizo ni chache, lakini sisi tulizitangaza kanisani. Msimu wa pili tukashinda kumi na moja, na mechi ya mwisho ndiyo ingeamua ubingwa wa ligi: sisi dhidi ya Dunmoor, nyumbani Fairholt, katikati ya mwezi wa nne. Ilikuwa pia katikati ya Ramadhani.

Skander alikuwa amehamia kwetu kwa mwezi ule, kwa sababu mkahawa wa chuo hufunguliwa jua likishatoka. Mimi huamka saa kumi alfajiri hata hivyo. Nguruwe hawajui kusubiri. Kwa hiyo nikawa mpishi wa daku. Nilimkaangia mayai, nikampa mkate na asali, na maji vikombe vinne huku nikimsimamia. Facundo naye alikuwa akija, akilala kwenye kochi letu ili aamke kula.

"Wewe unafunga?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Hapana, bwana. Mimi naunga mkono." Akaongeza yai la tatu.

Marlys alimwambia Skander kabla ya mechi kwamba angeweza kumpumzisha, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Kocha, nimecheza mechi tano mwezi huu nikiwa nimefunga, na nimeshinda nne. Ya tano nilishindwa kwa sababu ya viatu."

"Viatu vilikuwa na nini?"

"Vilikuwa miguuni mwa yule jamaa mwingine."

Siku yenyewe mvua ilinyesha mpaka saa tisa. Tulikausha viwanja kwa mataulo, kwa mifagio, na kwa ile mashine ya kupuliza majani ambayo Gus Penner aliileta mwenyewe. Aliiwasha tu akaanza kazi. Mechi ilianza karibu saa kumi na moja, na watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote niliyowahi kuona pale. Wengine waliegesha pikapu kando ya uzio, wakakaa nyuma yake na mablanketi.

Mashindano haya huhesabiwa kwa pointi saba, na wa kwanza kufika nne ndiye mshindi. Dunmoor walichukua ya wachezaji wawiliwawili. Tate akashinda yake, akapiga kelele kama ng'ombe aliyeona malisho. Facundo akashinda. Ndugu mmoja akashinda, mwingine akashindwa, na Mjapani wetu akapoteza seti ya tatu kwa tofauti ndogo mno, akainamisha kichwa kwa mwamuzi. Tatu kwa tatu. Kiwanja kimoja tu kilikuwa bado kinachezwa, namba moja, na aliyekuwemo ni Skander.

Alikuwa anacheza na kijana mrefu wa Dunmoor aitwaye Pruitt. Kila mmoja alikuwa na seti moja, na ya tatu ilifika nne kwa nne. Ungeweza kuona midomo ya Skander imekuwa myeupe. Alitembea polepole kati ya mipira. Hakuwa anaigiza, alikuwa anaweka akiba.

Kwetu mwezi wa nne jua huchelewa, na jioni ile lilining'inia juu ya maghala ya nafaka kama limegoma. Nikamwona Gus ameshika simu yake, anaitazama, anatazama magharibi, anaitazama tena.

"Unasubiri simu ya nani?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Lowell. Saa mbili na dakika tisa. Bado mbili."

Skander akashinda gemu ya tisa, ikawa tano kwa nne, na wachezaji wakaenda kukaa kabla ya kubadilishana upande. Hapo Gus akaruka juu ya pikapu yake, mzee wa miaka sabini na moja, akapaza sauti iliyosikika mpaka kituo cha mafuta:

"Limezama! Kijana, limezama! Kula!"

Kumbe mkewe alikuwa ameendesha gari saa moja na nusu mpaka jiji la Lincoln kutafuta tende, maana muuza duka wetu alimuuliza tende ni dawa ya nini. Bakuli likapitishwa juu ya uzio, mkono kwa mkono, likafika kwa Marlys, na Marlys akalipeleka kwenye benchi. Skander akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, akala tende moja. Kisha nyingine. Kisha akanywa maji, na watu mia mbili walikaa kimya wakimtazama mtu mmoja anakunywa maji.

Mwamuzi akatazama saa yake. Pruitt, kwenye benchi la pili, akainua mkono.

"Muache amalize," akasema. "Kunywa taratibu, ndugu yangu. Hata mimi miguu imekufa."

Skander akamsogezea bakuli. Pruitt akachukua tende, akaigeuza-geuza, akala, akasema, "Loh, mlikuwa mnaficha hizi?" Watu wakavunjika mbavu.

Gemu ya mwisho ilichukua dakika tisa. Pruitt hakumzawadia kitu, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mara tatu Skander alifika kwenye pointi ya ushindi, mara tatu akanyang'anywa. Mara ya nne upepo uliinuka. Tate, aliyekuwa ameng'ang'ania uzio, alinong'ona, "Chini, chini, chini." Skander akaurusha mpira chini, akalenga katikati, na ukapinda kwenda pembeni mbali na raketi ya Pruitt.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua Facundo alipanda juu ya wavu na wavu ukaanguka naye. Najua nilimkumbatia Gus, kitendo ambacho hatukuwahi kukifanya tangu tuzaliwe, na sote wawili tukajifanya tumeteleza. Wanawake wakafungua vyakula nyuma ya pikapu: maharage ya pilipili yasiyo na nyama, mikate ya mdalasini, samaki wa kukaanga. Skander kwanza aliomba dakika tano, akatandika taulo lake kwenye kona ya uwanja, akaswali. Kelele zilipungua zenyewe, bila mtu kuambiwa. Alipomaliza akapewa sahani iliyojaa hata haikuonekana rangi yake, na vijana wa Dunmoor wakaitwa nao, wakala mpaka dereva wao akakata tamaa, akaja kula pia.

Mkuu wa chuo alimpa Marlys mkono, akamwambia viwanja vitabaki, na akamuuliza kama angependa miaka mingine miwili.

"Mitano," alisema Marlys, akaendelea kugawa mikate.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani tulivuka daraja. Hapo Marlys akaanza kucheka. Hakukuwa na mzaha wowote. Alicheka tu, mkono kifuani, machozi yakimtiririka, na kila alipojaribu kuniambia sababu kicheko kikamshika upya. Nikaambukizwa. Ikabidi nisimamishe gari kando ya shamba, nizime injini, tukae pale wawili tukicheka mpaka kituishe.