Kiganja cha Nyongeza

Miezi sita Recheli hakukanyaga dukani kwangu, na mtaa mzima wa Ng'ambo ulijua hatujagombana. Ni kadi tu. Mradi wa chakula ulimpa kadi ya kuchukulia unga, maharage na mafuta ya wajukuu wake watatu, na kadi yenyewe ilikubaliwa kwenye maduka yaliyosajiliwa tu, kule sokoni. Langu halikuwamo. Nilimkumbuka mpaka nikajionea aibu. Mjane wa Kihindi, watoto wote wako Dar, nakodolea mlango macho kumngoja mteja mmoja!

Nikaomba usajili. Akaja mkaguzi, Bwana Kornel, kijana mpole. Alipima upya kilo ya maharage niliyomfungia, akaguna.

"Imezidi, Mama Jasoda."

"Ingepungua ndiyo ungelalamika. Hiyo ni nyongeza. Tangu enzi za baba mkwe, hakuna mteja anayetoka hapa bila kiganja cha juu."

"Mradi hautaki nyongeza, mama. Kila familia ipate sawa. Leo unamzidishia huyu, kesho utampunguzia yule. Nitarudi Ijumaa."

Nilikasirika nusura nimfukuze. Mtu unakataliwa kwa sababu ya ukarimu! Lakini nilimtaka Recheli. Siku tatu nilifanya mazoezi kama mtoto wa chekechea: napima, nafunga, mkono unarudi guniani wenyewe, naupiga kofi. Ijumaa kilo ikawa kilo. Kornel akabandika karatasi ya mradi mlangoni, akanionya kwamba atapita tena bila taarifa, na kipimo kikizidi ataibandua.

Jumatatu asubuhi Recheli akaingia. Tulikumbatiana, tukacheka bila sababu, akakalia gunia la mchele na kunimwagia habari zote za miezi sita, za wajukuu na za goti lake. Nilifurahi jamani, nilifurahi kweli. Nikampimia maharage, nikafunga mfuko. Yeye alikuwa ameshatandaza pembe ya khanga yake, anangoja.

"Siruhusiwi, shoga," nikamwambia. "Nikizidisha wananifuta, na wewe utarudi kuhangaika sokoni."

Akaikunja ile pembe taratibu.

"Nimeelewa, dada," akasema. "Kule sokoni nako waliniambia hivyohivyo. Ndiyo maana nilikuwa nahesabu siku za kurudi kwako."