Nywele za Kwanza za Shimwa

Silvère alikuwa ameshaweka mkasi kwenye ukingo wa pakiti, tayari kuikata, pale Dokta Karangwa alipofunua kitambaa kichwani mwa mtoto na kusema, "Simama hapo hapo. Usifungue."

Silvère akasimama. Mkasi nao ukasimama. Umulisa, mwanafunzi wa udaktari aliyeshika taa, akaisogeza karibu.

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimenyolewa. Si kupunguzwa nywele, la: kimenyolewa kwa wembe mpaka kinang'aa kama sufuria mpya. Na juu ya mng'ao ule, kuanzia nyuma ya sikio la kulia mpaka karibu na utosi, ilitapakaa mikato midogo myekundu. Karangwa aliihesabu kwa kidole kisichogusa. Kumi na tisa. Miwili ilikuwa imeanza kutoa usaha.

"Jana mchana kichwa hiki kilikuwa na nywele," alisema.

"Zilikuwepo," Umulisa akajibu. "Nilizichana mimi mwenyewe."

Mtu wa kawaida angeona mikwaruzo ya kupaka mafuta na kusahau. Lakini mtoto huyu, Shimwa, wa miezi saba, alikuwa na maji yaliyokosa njia ya kutoka ndani ya ubongo. Kichwa kilikuwa kimevimba kumzidi shingo, na macho yalitazama chini muda wote, kana kwamba ameangusha kitu sakafuni. Dawa yake ilikuwa ndani ya ile pakiti: vali ndogo yenye mpira mwembamba, ya kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni yakanywewe na mwili. Ukiipitisha vali chini ya ngozi yenye usaha, wadudu wanapanda mpira kama ngazi, wanaingia ubongoni, na mtoto hamalizi wiki. Na pakiti ikishafunguliwa, imefunguliwa. Vali ya pili haikuwepo. Si hospitalini tu. Haikuwepo nchini.

Ilikuwa Novemba 1994, na Kigali nzima ilikuwa bado haijafunga mdomo kwa yale iliyoyaona. Hospitali hii ya kufundishia ilibaki na kuta, na kuta zenyewe zilikuwa na matundu. Vitasa vya milango viling'olewa. Darasa la Umulisa lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Waliorudi walikuwa wanne. Mtu akiita majina asubuhi, aliita haraka haraka, asisikie ukimya kati ya jina na jina.

Karangwa alikulia Ngara, upande wa Tanzania, akasomea Dar es Salaam upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto, cheo kirefu kuliko shati alilovaa. Mwezi wa nane alipanda lori la ng'ombe akaja kwenye nchi ya wazazi wake, vali ameikumbatia kifuani, ndama akimlamba shingo njia nzima. Alipanga chumba mtaa wa Muhima. Joho lake la upasuaji alilifua mwenyewe. Vichwa vya watoto alivipima kwa futi ya fundi cherehani, na watoto wa mtaani walimkimbia, kwa sababu aliwatazama vichwa kabla ya kuitikia salamu. Silvère, muuguzi wa dawa za usingizi, alikulia Bujumbura, na Kifaransa chake kilikuwa na madaha. Umulisa alizaliwa hapa hapa. Kiswahili ndicho kilichokuwa sebule yao, kila mmoja ameingia kwa mlango wake.

Lakini asubuhi hiyo Karangwa hakuwa na lugha yoyote. Alikuwa na sauti tu. Akaitoa yote, mlango ukiwa wazi:

"Mama yake ni nani? Eh? Mama wa mtoto huyu ni nani hapa?"

Kwenye benchi la koridoni alikaa mwanamke mmoja, Daphrose, aliyemleta mtoto na kulala naye wodini. Alisikia swali. Aliinamisha uso akatazama simenti. 

"Mrudisheni wodini," Karangwa akasema.

Saa sita mchana Silvère alimkuta daktari akisugua mikono kwenye sinki, ingawa hakuwa amepasua mtu.

"Patron," alisema, kwani bosi alimwita kwa Kifaransa, "kitanda kiko, mtoto hayuko."

"Amepelekwa wapi?"

"Amebebwa mgongoni. Askari wa getini anasema yule mama ameshuka na njia ya Kimisagara, anatembea kama mtu aliyeiba."

Walishuka kwa miguu, daktari mbele, faili la mtoto kwapani, muuguzi nyuma akilalamikia viatu vyake. Kimisagara kila nyumba ya tatu ilikuwa na mlango uliofungwa na mtu ambaye hatarudi kuufungua. Fundi mmoja tu wa kuchomelea ndiye aliyekuwa amefungua karakana, na cheche zake ndizo zilizokuwa na uchangamfu bondeni kote. Hawakuhitaji kutaja jina. Walipouliza mtoto wa kichwa kikubwa, fundi alielekeza kwa kidevu.

Daphrose aliuza dagaa na chumvi mbele ya chumba chake. Alikuwa amekaa kizingitini, Shimwa mapajani, amemfunika kichwa kwa leso. Aliwaona, hakuinuka.

"Karibuni," alisema. "Muganga, uliuliza mama yake. Mama yake hayuko. Kama mmekuja kumuchukua mutoto, semeni mara moja, musinizungushe."

Njiani Karangwa alikuwa ametunga hotuba nzima ya wadudu na usafi. Ikamtoka kichwani yote, hata salamu yake.

"Nani alikuambia umnyoe?"

"Hakuna mutu. Huyu kijana wako alisema asubuhi mutamukata nywele."

Silvère akajishika kifua. "Nilisema kweli. Patron, wewe uliniagiza, mweleze mama kila kitu. Nikaeleza kila kitu! Nikaeleza sindano, nikaeleza usingizi, nikaeleza nywele. Sikumwambia tu kwamba asi..." Akanyamaza. Kwa wanaomjua Silvère, hilo peke yake lilikuwa tukio.

Daphrose alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Ndani palikuwa na nywele: laini, nyeusi, hazijai hata kiganja.

"Kwetu," alisema, "nywele ya kwanza haikatwi na mugeni. Bibi yangu alikata zangu, mama akakata za wadogo zangu. Inakatwa na mwenye mutoto, na inawekwa. Mutoto akinyolewa na mugeni ni kama hana mutu." Alipapasa leso. "Huyu nilimukuta kwa masista, mwezi wa sita. Iko watoto kumi na mbili juu ya mukeka moja, wote wanaitwa tu 'mutoto'. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Mimi nilikuwa na wangu watatu."

Alisubiri kidogo, kana kwamba anawaacha wale watatu wapite kwanza.

"Nikasema, kesho wanapasua kichwa. Akikufa, asikufe bila mutu wake. Jana jioni, wauguzi wanabadilishana zamu, nikaingia naye bafuni. Wembe ilikuwa mupya, muganga. Niliinunua. Lakini mwanga ilikuwa kidogo, na mukono..." Aliunyanyua ule mkono wauone. Ulikuwa bado unatetemeka.

Karangwa alitafuta pa kukaa, akakalia gunia la chumvi. Alikuwa amefungua vichwa vya watoto zaidi ya mia mbili. Vyote aliletewa vikiwa tayari mezani, na kila mara yeye ndiye aliyekata nywele, kwa mkasi, dakika chache kabla ya kisu. Hakuwahi kuuliza kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutangulia.   Silvère alimtazama kwa hofu, kwa sababu bosi wake alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Mwishowe daktari akafanya alichokuwa anajua kufanya. Alinyoosha mkono, akatandaza vidole viwili juu ya utosi wa Shimwa.

"Amekula?"

"Anakunywa maziwa kidogo, anatapika. Mara mbili tangu tumefika."

"Utosi umekaza kuliko jana," Karangwa akasema, na sauti ikarudi kuwa ya daktari. "Sikiliza, mama. Nilikosea kupiga kelele. Hilo ni la kwangu. Sasa siwezi kumpasua na mikato hii, mpaka ipone, siku tisa au kumi. Na kichwa hakitangoja hata siku tatu, maji yatamuua. Katikati kuna njia moja, mbaya. Kila asubuhi nitachoma sindano hapa utosini, ninyonye maji kidogo ya kumfikisha kesho. Akigeuza kichwa kidogo tu sindano ikiwa ndani, itamchana ubongo. Nataka mtu wa kumshika."

"Sista wa wodi?"

"Akimwona sista analia."

"Sista analia?"

"Mtoto, mama, mtoto," Silvère akaingilia. "Ingawa sista naye, siku hizi..."

Daphrose hakucheka, lakini mabega yake yalishuka kidogo. Alilitazama faili.

"Kwenye karatasi yenu, pale pa mama, mumeandika nini?"

Karangwa alifungua. Pale pa mama palikuwa peupe. Alitoa kalamu, akaliweka faili juu ya goti. *Daphrose*, aliandika. Kalamu ikagoma kwenye herufi ya tano. Akailamba ncha, akamaliza, akamgeuzia asome. Daphrose hakujua kusoma vizuri. Alisoma polepole, kwa kidole, mpaka mwisho, kisha akarudia.

"Twende," alisema, akainuka.

Asubuhi ya kwanza Umulisa alisema kwa sauti ndogo kwamba ni afadhali atoke nje. "Ukitoka nani atanishikia chupa?" Karangwa akamuuliza. Akabaki. Daphrose alikaa kwenye kiti cha mbao, akakiweka kile kichwa kizito kati ya viganja vyake, uso kwa uso na mtoto, akaanza kuongea naye Kinyarwanda, maneno ya kawaida kabisa: bei ya dagaa, jirani aliyeazima jiko. Na ile mikono iliyotetemeka kwenye wembe ikatulia kama iliyojengewa. Sindano ikaingia. Maji yakaja, meupe kama ya kisima, yakishuka chupani tone kwa tone. Shimwa alimtazama Daphrose mdomoni, kama anayetaka kujua bei ya dagaa imefikia wapi.

Hivyo kila siku. Mikato ikaanza kukauka, ile miwili ya usaha ikiwa ya mwisho, kama watu wakaidi. Karangwa aliisafisha mwenyewe asubuhi na jioni, na kila aliposafisha alimwomba ruhusa Daphrose kwanza. "Naweza?" "Unaweza, muganga."

Asubuhi ya tano mtoto aliamka ana homa. Silvère alisoma kipimo, akakikung'uta, akasoma tena. Hakuna aliyetamka neno lililokuwa vichwani mwa wote, kwamba sindano zenyewe zimepeleka wadudu ubongoni. Kama ni hivyo, vali ingebaki kwenye pakiti yake, na faili lingefungwa. Karangwa alinyonya maji, akampa Umulisa kitone chake. Umeme haukuwepo, Umulisa akaiburuta hadubini mpaka dirishani, akakielekeza kioo chake juani, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu mno. Daphrose alikuwa ameshika kichwa cha mtoto hata baada ya sindano kutoka, hakuambiwa kwamba anaweza kuachia.

"Hakuna kitu," Umulisa akasema hatimaye. "Ni maji tu. Ni safi." Akaweka kioo kingine cha sampuli, chenye damu ya mtoto. Akainama tena. Akainua uso umejaa machozi na kicheko kwa pamoja. "Ni malaria!"

"Malaria!" Silvère akapiga makofi.

"Malaria," Karangwa akarudia, akaegemea ukuta. Watu wazima watatu wakashangilia malaria, na Daphrose akiwatazama mmoja mmoja, akijiuliza amewaachia mtoto wake vichaa wa namna gani.

Siku ya kumi na moja ngozi ilikuwa imefunga yote. Jenereta liliwashwa. Silvère alichoma dawa ya usingizi, akakaa kichwani mwa meza na kidole kwenye mshipa wa mtoto, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha. Mkasi ukapita ukingoni mwa pakiti. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia.

Karangwa akaanza kazi. Mkato nyuma ya sikio. Tundu kwa keekee ya mkono, akizungusha polepole kama anayefungua mlango wa nyumba yenye watu waliolala. Mpira ukaingia ubongoni. Vali ikakaa mahali pake. Kisha ule mpira mrefu ukapita chini ya ngozi, shingoni, kifuani, mpaka ncha yake ikatokeza kwenye mkato mdogo tumboni.

Hapo akaacha. Kabla ya kuuzamisha tumboni, sharti uone kama unapitisha maji. Aliishika ile ncha hewani kwa vidole viwili.

Haikutoa kitu.

"Patron?" Silvère akanong'ona.

"Ngoja."

Jenereta lilikohoa, taa ikafifia, ikarudi. Koridoni, upande wa pili wa mlango, benchi lililia. Mtu alikuwa ameinuka, au amekaa tena. Umulisa alisogeza taa karibu. 

Kwenye ncha ya mpira kitu kiling'aa. Kikakua. Lilikuwa tone, safi, na ndani yake chumba kizima kimepinduka, taa chini, watu juu, watatu, wameinama. Likavuta uzito, likarefuka, likaning'inia pale pale, halijaachia.