Koti Lisilotundikwa

Kifuniko cha sufuria kilitikisika gizani, tiki tiki tiki, na mtoto akajua mama yake ameamka. Walizoea kujuana hivyo, kwa sauti. Mama alipiga pasi shuka za hoteli, na hoteli haina Jumapili. Alitoka kabla hakujapambazuka, akarudi mtoto akisinzia. Alikitaka cheo cha msimamizi kwa sababu moja tu: msimamizi hutoka jua likiwaka.

"Bosi, mkimpandisha mtu cheo mnaangalia nini?" alimuuliza meneja.

"Uwepo," meneja akasema. "Mtu ambaye nikichungulia saa yoyote, namkuta."

Hotelini hapo koti la kazi haliendi nyumbani. Ukimaliza unalitundika msumarini, nalo linajua kazi imekwisha. Jioni moja bibi wa mtoto akapiga simu: mtoto anawaka homa. Mpiga pasi akavua koti, akalitupia kitini, akatoka mbio.

Koti halikutundikwa, basi likaendelea na kazi.

"Shoga, koti lako limekesha," mfuaji alimwambia asubuhi. "Limenyoosha mpaka mapazia."

"Halikuunguza kitu?"

"Thubutu! Na chai halikuomba. Lingekuwa na miguu ningemwozesha kaka yangu."

Meneja akachungulia asubuhi, akalikuta. Akachungulia usiku, akalikuta. Wiki haikuisha, koti likawa msimamizi.

"Halichelewi, haliumwi, halina mtoto," aliwaambia wafanyakazi. "Liigeni." Akalitumbukizia funguo mfukoni, juu ya soksi ndogo ambayo mpiga pasi alikuwa ameisahau humo.

Watu wakapiga makofi. Mpiga pasi alipewa koti jipya, akapiga makofi kuliko wote. Lile la zamani ni yeye aliyelishonea vifungo.

Siku iliyofuata, jua likiwa bado juu ya paa la jiko, koti liliweka pasi chini. Likaja nyuma ya mpiga pasi, likamwekea mkono wake mtupu begani, likamsukuma taratibu hadi mlangoni. Kisha likarudi kumalizia shuka zake. Baadaye likamsukuma na mfuaji, ambaye mwanawe alikuwa anaota meno. Meneja alichungulia, akalikuta koti, akaridhika. Wengine hakuwahi kuwatafuta.

"Ahsante, mwenzangu," mpiga pasi alikuwa amesema pale mlangoni, akalinyoosha kola.

Mwaka ule hakuna mama aliyepandishwa cheo, wala uliofuata. Lakini jioni ile ya kwanza mpiga pasi alitembea akikiona kivuli chake mwenyewe barabarani, kirefu, kikimtangulia nyumbani, na moyo wake ulikuwa mweupe kama shuka.

Mtoto alikuwa kibarazani na bibi yake. Alipanda mapajani kwa mama, akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuzia kwenye mwanga.

"Mama, kumbe una kidoti shavuni."