Mawe ya Mwanakombo

Septemba 1998, asubuhi, Somoe, mkazi wa Likombe, aliacha kumenya mihogo akamuuliza wifi yake, Mwanakombo, kama uchungu wa kuzaa unavumilika. Mimba ilikuwa ya kwanza, na hofu ilikuwa imemnyima usingizi.

"Mimba ya kwanza haisimuliwi uzazi," mama mkwe wake alikatiza. "Kwetu ni mwiko."

Mwanakombo alikuwa amezaa watoto wanne, na mwaka uliotangulia alipasuliwa akatolewa mawe kwenye nyongo.

"Basi, mama, nitasimulia mawe yangu. Nayo yana mwiko?"

Mama yake alichukua muhogo akaanza kuumenya.

"Jiwe likikubana, wifi, limekubana. Saa nzima, saa ya pili, halikupi nafasi ya kumeza mate. Ule mwingine, nisioutaja, hubana kisha huachia, nawe ukapata pumzi ya kunisengenya."

"Umeutaja!"

"Sijautaja, mama. Na wa jiwe, mwisho wake unakabidhiwa kokoto kwenye kichupa. Utaipa jina la nani?"

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu.

Juma lililofuata Somoe alishikwa na uchungu, wakampeleka hospitali. Ulipobana, alimkamata Mwanakombo mkono. Ulipoachia, alingoja kwanza, asiamini, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Wifi," alisema, "kwapa lako linanuka."

Aliingia chumba cha kujifungulia akicheka. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alipiga vigelegele mlangoni mwa wodi mpaka muuguzi akamtoa nje.