Kupita Mjini Bila Ada

Noreen Hirst alijua kuna jambo kabla hajafika bandani, kwa sababu Kipper alikuwa akilia. Kipper ni kifarasi kizee, mfupi, mnene na mlafi. Asubuhi hana habari na mtu mpaka amalize chakula chake. Leo ndoo yake ilikuwa haijaguswa, naye amebandika pua kwenye mbao zinazotenganisha chumba chake na cha Tansy, farasi jike mwenzake, anaita.

Tansy alikuwa amelala ubavu. Nyasi kavu za jana zilikuwa palepale kwenye wavu. Aligeuza kichwa akalitazama tumbo lake, akarusha mguu, akajaribu kubingirika. Noreen akatupa uma wa kusafishia banda, akamvisha hatamu, akamvuta na kumsihi mpaka akainuka, akamtoa nje uani.

"Twende, mama. Usilale. Twende."

Watu wa vilima hivi ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu: farasi akishikwa na tumbo, usimwache abingirike, mtembeze. Akamtembeza kuuzunguka ua kwenye manyunyu, mkono mmoja umeshika hatamu, mwingine simu, akimwita daktari wa mifugo.

Daktari Rukhsana alifika na viatu vya mpira miguuni, akaweka sikio ubavuni mwa Tansy, kwanza huku, kisha huku. Akamchoma sindano ya maumivu. Akampima tena, polepole, na Noreen akaona uso wake unavyokunjamana.

"Utumbo umejisokota," alisema. "Hii sindano itamtuliza, haitamponya. Anahitaji kupasuliwa, Noreen. Leo, kabla ya saa nane."

"Bima yake ipo. Sijawahi kuiacha ikatike."

"Vizuri. Nimeshawapigia hospitali ya farasi kule mjini, wanamsubiri. Lori lako liko wapi?"

Noreen akatazama pembe ya ua. Palikuwa na doa jeusi la oili, refu na pana, ambapo nyasi zilikuwa bado hazijathubutu kuota.

"Nililiuza," akasema.

Lilikuwa lori la Wilf, mumewe. Kwa lori hilo walibeba farasi wa bonde zima: kwa daktari, kwenye maonyesho, kwa wanunuzi. Ndiyo iliyokuwa kazi yao, na Wilf alipofariki Noreen alishika usukani mwenyewe. Kisha mji ukaweka ada ya moshi. Lori la zamani la dizeli likiingia mjini, hata kwa barabara moja tu, kamera inasoma namba yake, na ada ya siku hiyo moja ilikuwa inameza faida yote ya safari. Na kutoka bondeni kwetu lori halina njia nyingine. Barabara ya juu vilimani ina daraja la mawe la enzi za mababu, na lori likipanda pale litakwenda mtoni pamoja nalo. Noreen alipandisha bei, wateja wakamkimbia. Akaishusha, akawa anabeba farasi wa watu kwa hasara. Mwishowe akaliuza kwa mtu wa kaskazini, kusiko na kamera. Moshi wenyewe haukwenda popote, ulihama tu. Na Noreen alibaki na kigari cha kwendea dukani, kisichoweza kuvuta hata kondoo wawili.

"Akina Fairbairn wana lori jipya," Rukhsana alisema.

"Wamekwenda nalo mashindanoni kusini. Watarudi usiku."

"Basi nani mwingine?"

Alibaki mmoja. Clive, mdogo wa marehemu Wilf, muuza nyasi kavu, hakuwa ameuza lake, nalo la zamani vilevile. Noreen akampigia.

"Shemeji, Tansy ana tumbo. Anatakiwa apasuliwe. Naomba lori."

Mbwa wa Clive alisikika akibweka.

"Shemeji, hali yangu unaijua."

"Naijua."

"Nina faini za mjini hata ya kwanza nimeshaisahau. Yule dalali wa mahakama alisimama hapahapa mlangoni, akanikodolea macho, akasema kamera ikiliona tena wanakuja kulibeba. Napita vichochoro vya huku juu kama mwizi wa kuku! Wakilichukua hili, mimi nimekwisha."

"Clive. Ni Tansy."

"Najua ni Tansy! Si mimi na Wilf tuliomvuta miguu akizaliwa?" Sauti yake ikashuka. "Waombe kibali, shemeji. Cha leo tu. Wakikubali, nimeshafika."

Noreen hakumlaumu. Alipiga simu ya mjini, akasikilizishwa muziki, akaambiwa na mashine kwamba simu yake ni ya thamani kwao, akasikilizishwa muziki tena. Tansy alikuwa anatembea huku anaburura kwato. Hatimaye akaja binti mmoja, sauti laini, jina lake Kirsty.

"Hilo gari ni la shughuli gani, mama?"

"La nyasi. Leo litabeba farasi mgonjwa."

"Limesajiliwa kama gari la wagonjwa la wanyama?"

"Ni lori la nyasi, binti yangu."

"Basi hilo ni la biashara. Maombi ya msamaha yanajibiwa ndani ya siku kumi za kazi."

"Huyu hana siku kumi. Hana hata mchana wote."

"Pole sana. Unaweza tu kulipa ada ya leo..."

"Ada ya leo ningelipa sasa hivi. Lori lina faini za nyuma. Likionekana litakamatwa."

"Faini ni idara nyingine, mama."

"Nipe hiyo idara."

"Ijumaa hawapokei simu." Kirsty akavuta pumzi. Huenda alisikitika kweli. Hakuwa yeye aliyeitunga sheria. "Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia leo?"

"Hata hilo la kwanza bado," Noreen akasema, akakata.

Rukhsana alikuwa akitembea upande wa pili wa Tansy, mkono shingoni mwake. Wakauzunguka ua mara nyingine.

"Mwanangu ana pumu," Rukhsana akasema ghafla. "Tunakaa pale barabara kuu ya mjini. Ada ilipopendekezwa, nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba watu waiunge mkono. Mwaka huu hajalazwa."

"Basi ni vizuri," Noreen alisema, na alikuwa anasema kweli. Akafuta jasho kwenye shingo ya farasi kwa mkono wa koti. "Ila sisi walituahidi msaada wa kubadilisha malori kwanza."

"Walisema hivyo. Nilisikia."

"Walisema."

Akampigia Clive tena, akamweleza yale ya Kirsty. Clive akasema, "Ngoja kidogo, shemeji, nifikirie," na simu ikakatika.

Saa sita Tansy akakataa kutembea. Alisimama katikati ya ua akitetemeka, magoti yakakunjika, akaenda chini. Noreen akavuta hatamu, akamwita mama, akamwita mjinga, akamwita kwa jina alilokuwa Wilf akimwitia utotoni. Rukhsana akainua mdomo wa farasi kutazama fizi. Zilikuwa zambarau.

"Noreen. Hata lori likija sasa, atafia njiani, tena kwa mateso."

Noreen akapiga magoti kwenye matope, akakipakata kile kichwa kizito.

"Mpe sindano ya kumpumzisha," akasema.

Ilikwisha upesi. Bandani Kipper aliendelea kuita.

Walikuwa bado wamekaa hivyo waliposikia injini inapanda kilima kwa kukohoa. Clive aliingia uani na moshi wake nyuma. Ndani ya lori alikuwa ametandika majani makavu, mengi, hadi magotini, kama anayepokea mgeni wa heshima. Akaruka chini.

"Potelea mbali, walichukue! Mpakieni, twen..."

Akaona. Akavua kofia, akakaa kwenye kipandio cha lori lake.

"Ningekuja uliponiita mara ya kwanza."

Noreen hakumjibu kwamba haingesaidia kitu, kwa sababu ingesaidia, na wote watatu walijua. Akamshika bega.

"Uliogopa, shemeji. Na walikutisha kweli. Njoo unisaidie kumtoa Kipper."

Huwa tunafanya hivyo. Farasi akifa, mwenzake huletwa amwone, amnuse, ama sivyo atamwita na kumtafuta wiki nzima. Kipper alikuja mbio akimburuta Clive, kisha akasita. Akanusa kwato, akanusa tumbo, akafika puani akakaa hapo. Alishika singa za shingoni mwa Tansy kwa meno akavuta kidogo, kama alivyozoea kumchokoza. Akasubiri. Akavuta tena. Kisha akageuza kichwa, na hakuita tena.

Alasiri lilikuja gari la mizoga. Lilikuwa jipya, jeupe, halisikiki hata likiwa limewashwa. Dereva alikuwa mtu wa makamo, akawapa pole, akafunga minyororo taratibu kama mtu anayejua kwamba wenyewe wanatazama.

"Zuri hili," Clive akasema, kwa kukosa la kusema.

"La mwaka huu. Kampuni kubwa, bwana. Walibadilisha yote kwa mkupuo ili tusilipe ada."

"Unapita njia gani?" Noreen akauliza.

"Mjini moja kwa moja. Nusu saa tu nimefika. Mnaijua hospitali ya farasi? Napita mlangoni pake, kiwanda chetu kiko mbele kidogo."

Rukhsana akageukia ukuta.

Gari lilipotoka, Clive akapanda lori lake akawasha. Macho yake yalikuwa mekundu. "Namsindikiza," alisema. "Wapige picha watakavyo."

Noreen akafungua mlango, akanyoosha mkono mbele yake akazima injini, akautia ufunguo mfukoni mwa koti lake mwenyewe.

"Kesho una watu wanaongoja nyasi," alimwambia. "Shuka. Wamepata cha kutosha leo."

Wakasimama getini wakilitazama lile gari likishuka. Lilipofika mjini, kamera ikasoma namba yake, ikaliona ni safi, ikaliacha lipite.