Jibu Dogo la Vernell

Baba yake Vernell alichoma makaa kwenye tanuri za kiwanda cha chuma mpaka mapafu yakamwishia. Sasa binti anataka uwakili, na Jumamosi anarudia mtihani wa kuingia shule ya sheria. Mara ya kwanza aliangushwa na maswali ya aina moja: unapewa maelezo mafupi, kisha unaulizwa ni jibu gani linalothibitishwa na maelezo hayo.

Jikoni kwangu, hapa Ohio, alinisomea zoezi huku nikikaanga bamia.

"Wakazi wote waliougua mapafu waliishi karibu na kiwanda. Wengi wao hawakuwahi kufanya kazi humo. Sasa Mjomba, A inasema moshi wa kiwanda ndio uliowaangamiza."

"Weka A! Hata paka anajua."

"Majibu ya hivyo ndiyo niliyoweka mara ile." Akatupa kalamu. "Maelezo hayakutaja moshi. Najua mimi, unajua wewe. Karatasi haijui."

"Basi karatasi imehongwa!"

"Mjomba Cleo, punguza mdomo, bamia zinaungua." Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Nikisoma kiwanda namwona baba. Mkono unakwenda wenyewe kwenye A."

Nikazima jiko. "Mengine yanasemaje?"

"C: baadhi ya waliougua hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Basi. Kajibu kadogo."

Nikakaa. Mwaka sisi wafanyakazi tulipowashtaki wenye kiwanda, baba yake alikuwa bado anasimama. Nakumbuka mpaka tai ya kijani ya wakili wao. Alidai tuliugua kwa sababu tulivua barakoa kazini. Tukapiga kelele, "Wauaji!" Jaji akatutoa nje, kesi ikafa. Na kwenye benchi la nyuma alikaa Bi Eula Pettiford, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwandani, anakohoa ndani ya leso. Hakuna aliyemwita kutoa ushahidi.

Nikamsimulia Vernell.

"Bi Eula ndiye C," akasema. "Yeye angevua barakoa gani?"

"Haswa! Yule mshenzi wa tai ya kijani angemeza ulimi."

Akaokota kalamu, akaweka alama kwenye C bila kusita.

"Na A?" nikamuuliza, maana karatasi ile sijaisamehe.

"A naitunza, Mjomba. Siku nikiwa wakili nitaileta pamoja na mashahidi wake." Akanisukumia kitabu. "Nisomee lingine. Na usinisaidie."